Ilizimika Yenyewe, au Uliifunga?

Kwa miaka yote niliyokuwa jirani ya Mwalimu pale mjini Busia, sikumwona akiupa mchoro jina kabla haujakamilika, ila siku moja tu. Kazi yake ilikuwa kuchora plani za nyumba kwa kompyuta, na aliyewahi kugusa kompyuta anaijua tabia yake: haihifadhi kitu kisicho na jina. Ukiiambia ihifadhi, inakuuliza kwanza, hiki kinaitwaje? Mwalimu alikuwa akifika kwenye swali hilo anageuka na kurudi alikotoka.

"Mtoto hapewi jina akiwa tumboni," alisema. "Unamwita nani, na hujamwona sura?"

Kwao Bukhayo, mtoto huzaliwa kwanza. Akilia asinyamaze, wazee huanza kutaja majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka litajwe lile linalomtuliza. Ndilo jina lake. Mwalimu hakuona kwa nini nyumba ya vyumba vitatu itendewe tofauti. Kwa hiyo michoro yake yote iliishi kwenye kioo cha kompyuta ikiitwa Drawing1, jina ambalo programu humbandika kila mgeni aliyeingia bila kujitambulisha.

Miongoni mwa wageni hao alikuwepo mmoja aliyekaa kuliko wote. Ulikuwa mchoro wa nyumba yake mwenyewe, ya kujengwa Mundika kwenye shamba alilorithi. Mkewe, ambaye mtaa mzima tulimwita Mama, alikuwa ameingojea nyumba hiyo tangu binti yao akiwa darasa la kwanza. Wakati wa habari hizi binti alikuwa mwuguzi, na mchumba ameshapatikana.

Chumba chake cha kazi na duka langu vilitenganishwa na ukuta wa plaiwudi. Mimi nilikuwa nachapisha: vyeti, picha za pasipoti, na zile karatasi kubwa za plani zake. Plaiwudi haifichi kitu, na kwa hiyo maisha ya Mwalimu niliyajua kwa masikio kabla ya macho. Nilijua akimimina chai, kwa sababu alifunika kikombe kwa kisosi kila baada ya mkupuo. Nilijua akitafuta rula yake ya zamani ya herufi T, aliyoitumia enzi za kufundisha uchoraji katika chuo cha ufundi, kwa sababu aliitunza ukutani imefungwa kwa leso kama kitoto, na leso ile ilikuwa na pini zinazolia. Hata wasukuma mikokoteni walimwita Mwalimu. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani kwake, lakini wote waliwahi kukosolewa naye.

Alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Hakunywa maji yasiyochemshwa. Hakupanda boda bila kukagua tairi zote mbili, dereva akinuna. Alihifadhi risiti za mkate. Vijana waliokuja kujifunza kuchora kwake aliwasimamia nyuma ya kiti na rula mkononi, akigonga meza kila wakimaliza ukuta mmoja: "Hifadhi! Umechora ukuta, hifadhi! Unangoja paa likuangukie?" Na vijana wakahifadhi, wakawa watu wa maana. Mmoja wao alipata ujasiri siku moja akamuuliza mbona yeye mwenyewe hafanyi hivyo.

"Mimi si mfano," Mwalimu akamjibu. "Mimi ni onyo."

Sasa, stima ya mtaa wetu inapotea vile inavyotaka. Ikipotea, utasikia barabara nzima inasema "Aaah!" kwa sauti moja. Kinu cha unga kinakoroma na kunyamaza, fundi wa kuchomelea anatukana, kinyozi anatoka nje na mteja mwenye kichwa nusu. Chini ya meza ya Mwalimu kulikuwa na kile kisanduku cha betri ambacho kazi yake ni kuishikilia kompyuta kwa muda stima ikienda. Kilikufa zamani. Mwalimu alikuwa anaweka miguu juu yake.

"Bado kinanishikilia," alisema.

Wengine wakipiga kelele, yeye alijimiminia chai. Ndipo niliposikia msemo wake kwa mara ya kwanza, kupitia plaiwudi, wakati mimi nalia juu ya kazi ya kadi za harusi za mteja iliyopotea nusu: "Jirani, tulia. Mimi nachora, Mungu anaandika."

Nilidhani ni ulokole. Baadaye nikaelewa kuwa ni maelezo ya kitaalamu, na kwa kuwa yanaweza kumsaidia mtu, acha niyaeleze polepole.

Programu za kuchorea zina huruma isiyoonekana. Wewe ukiendelea kuchora, zenyewe huandika nakala ya siri kila baada ya muda, bila kuombwa. Nakala hiyo haiwekwi pamoja na kazi zako. Inawekwa kwenye folda ya vitu vya muda, folda iliyofichwa, ambayo watu wengi huishi na kufa bila kuiona. Jina la faili hiyo huishia kwa herufi sv na alama ya dola. Mwalimu alikuwa akiwaambia wateja kwamba sisi watu wa mpakani hatuna sababu ya kuikosa, maana tumelelewa kuitambua alama ya dola tukiwa mbali. Unaitafuta, unaitoa nakala na kuiweka mahali pengine kwanza, kwa sababu mgonjwa hafanyiwi upasuaji barabarani. Kisha unabadilisha zile herufi za mwisho, unaweka za michoro ya kawaida. Unaifungua. Mara nyingi utaona nyumba yako imerudi, imepungukiwa na dirisha moja au mlango uliouchora mwisho. Na kama mchoro ulikuwa umeshahifadhiwa angalau mara mbili, upo na ndugu yake wa kando, mwenye kuishia na bak. Ni mkubwa kidogo kwa umri na hajui habari za karibuni, ila naye hufufuka kwa njia hiyo hiyo. Hakuna uchawi. Ukiweza kubadilisha jina la faili, unaweza kufufua mchoro. Mwalimu mwenyewe, akishafufua wake, aliuhamishia kwenye Drawing1 mpya na kuifuta ile nakala, usije ukapata jina kwa mlango wa nyuma.

Lakini kuna sharti, na sharti hilo ndilo lililomjengea Mwalimu umaarufu. Ile nakala ya siri husalia pale tu programu inapokufa ghafla: stima imepotea, mashine imeganda. Ukiifunga wewe mwenyewe, kwa heshima, nayo ikakuuliza kama ihifadhi, ukajibu hapana, basi inakutii. Inafuta na nakala ya siri. Mwalimu alikuwa na maneno yake juu ya hilo: "Ajali inaacha mabaki. Mkono wa mwenyewe hauachi kitu."

Kwa hiyo mtu yeyote aliyemjia akilia, Mwalimu alimuuliza swali moja kabla ya salamu: "Ilizimika yenyewe, au uliifunga?"

Walimjia wengi. Inachekesha ukifikiri, lakini ni haki: hakuna mtu mpakani aliyepoteza michoro mingi kuliko yeye, kwa hiyo hakuna aliyejua kuitafuta kuliko yeye. Walitoka Bumala na Funyula, walivuka mpaka kutoka upande wa pili na kumwita ssebo, yaani bwana kwa lugha yao. Ofisi zenye viyoyozi zilimtumia boda. Walimsifu kwa kuponya ugonjwa ambao yeye aliulea kama kuku wa mayai.

Siku moja tuliitwa Malaba, mimi nikifuatana naye kwa kuwa kulikuwa na karatasi za kuchapishwa. Kampuni moja ya kusafirisha mizigo ilikuwa imemleta injinia kutoka Nairobi achore yadi ya kuegesha malori. Mchoro ulikuwa umepotea. Injinia tulimkuta ofisini, ndani ya chumba, amevaa kofia ngumu ya ujenzi na koti la kung'aa. Mkubwa wa kampuni alisimama nyuma yake amekunja mikono.

"Mzee," injinia akaanza, "hii programu ni ya kisasa sana, sijui kama..."

"Ilizimika yenyewe, au uliifunga?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Tofauti ya mgonjwa na marehemu."

Injinia akamtazama mkubwa wake. "Ili... ilijizima."

Mwalimu akaketi, akafungua thamosi yake, akamimina chai, akafunika kikombe kwa kisosi alichokuja nacho mfukoni. "Injinia, mimi si polisi. Sema ukweli tujue kama tunaita daktari ama tunachimba kaburi."

Nje lori likapiga honi.

"Kulikuwa na faili nyingi zimefunguka," injinia akasema kwa sauti ndogo. "Nikaanza kufunga-funga. Ikauliza. Nikabonyeza hapana. Ikauliza tena..."

"Ukabonyeza hapana."

"Nilikuwa na haraka, mzee."

Mwalimu akavua kofia yake, akaishika kifuani. "Poleni sana na msiba," akamwambia mkubwa wa kampuni.

Hata hivyo alitafuta. Akampata yule ndugu wa kando, mwenye kuishia na bak, akiwa na yadi ya siku kadhaa nyuma: lango lilikuwa mahali pabaya na choo hakikuwepo. "Huyu ni kaka yake," Mwalimu alisema. "Hajui kila kitu, lakini sura ni ya nyumbani." Injinia alikaribia kumkumbatia. Tulipotoka, malori yalikuwa yamepanga foleni yanangoja yadi hiyo, madereva wamelala chini ya matrela, bila habari kwamba yadi yao ilikufa na kufufuka kabla ya chakula cha mchana.

Mchoro ukikamilika ndipo ibada ya jina ilipofanyika. Mteja aliitwa, akakalishwa mbele ya kioo. Nakumbuka mzee mmoja wa Rukala, ambaye nyumba yake huingiliwa na mto kila ukifurika, alikuwa amechorewa nyumba yenye msingi mrefu kama jukwaa.

"Taja wazee wenu," Mwalimu akamwambia.

Mzee akataja babu. Mwalimu akakitazama kioo kwa makini. "Huyu hapana. Bado analia."

"Halii, Mwalimu. Ni stima inacheza."

"Taja."

Akataja shangazi, akataja babu wa pili, mwisho akataja nyanya yake, mwanamke ambaye mafuriko hayakumkuta hata mara moja kwa kuwa alikuwa akihama akiona siafu wakipanda juu. Kioo kikatulia. Labda ni stima ilitulia. Mwalimu akaandika jina la nyanya, mzee akajifuta macho, nami nikachapisha.

Matokeo yake ni kwamba plani nyingi za eneo letu zilifika kwenye ofisi ya kuidhinisha ujenzi zikiwa na majina ya wafu. Karani mmoja aliwahi kuishika ile ya Rukala akauliza, "Huyu mwenye plani yuko wapi?"

"Alifariki," Mwalimu akasema.

"Sasa anajenga vipi?"

"Polepole."

Plani ikapita siku hiyo hiyo. Nimeziona plani za walio hai zikikaa kwenye meza ile mpaka karatasi inageuka rangi ya chai, lakini za Mwalimu zilikuwa zinapita. Nadhani hakuna aliyethubutu kumwambia marehemu arudi kesho.

Sasa nirudi kwa Mama.

Mama aliuza omena na samaki wa kukaushwa sokoni, na kwa jasho hilo alinunua matofali kidogo kidogo, akayapeleka Mundika, yakapangwa na kufunikwa nailoni. Nailoni ikachanika, nyasi zikaota, kuku wa jirani wakataga humo. Mchana alimletea Mwalimu chakula, akasimama nyuma ya kiti chake akiangalia kioo, na kila siku nilimsikia akiuliza swali lile lile, kwa sauti ya mtu anayeulizia mbuzi aliyekata kamba.

"Jiko leo iko wapi?"

"Leo liko mashariki," Mwalimu angejibu. "Upepo unatoka huku, moshi utaenda kule."

"Jana ilikuwa nyuma."

"Jana stima ilipotea, Mama. Nimefufua mchoro, jiko ndilo lililokosekana. Na kwa kuwa tunalichora upya, kwa nini tusiboreshe?"

Maneno hayo, kwa nini tusiboreshe, yalimgharimu Mama miaka mingi kuliko stima yenyewe. Kila ufufuo ulirudisha nyumba ikiwa na pengo dogo, na kila pengo lilikuwa mwaliko. Jiko lilizunguka nyumba ile kama mbuzi kwenye kigingi. Liliwahi kuwa mashariki, likawa nyuma, likakaa kwa muda katikati, ambako lingekuwa halina dirisha. Na mchoro usiokamilika haukuwa na jina, na usio na jina haukuchapishwa, na usiochapishwa hakuna fundi angeuchimbia msingi.

Mama hakuwa na maombi mengi. Aliomba kitu kimoja: jiko liwe nyuma, na liwe na mlango wake wa kutokea nje. Wenyeji wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini kwa msomaji wa mbali nitasema: mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutani ovyo. Hawapeani mkono, hawapishani kwenye ukumbi mwembamba. Watu wa mahari wakija, mama wa binti huwapikia, huwasikia, huwacheka, lakini hujitenga. Sasa jiko lisilo na mlango wake linamfanya mama kuwa mfungwa, ama linamtoa mbele ya mkwe akiwa na sufuria mkononi.

Na watu wa mahari walikuwa wanakuja. Kijana alikuwa Msamia wa upande wa pili wa mpaka, na wazee wake walileta ujumbe kwamba mavuno yakishaingia ghalani watafika. Watafika wapi? Wakwe hawapokelewi kwenye nyumba ya kupanga, wakae juu ya kitanda huku mpangaji wa chumba cha pili akikaanga vitunguu. Wanapokelewa nyumbani kwa baba wa binti, ndani ya nyumba ya mama yake. Na huko Mundika Mwalimu alikuwa na simba tu, kile kibanda alichojenga akiwa kijana, kabla hajaoa.

"Utawaweka wazee wa watu kwa simba?" nilimsikia Mama siku moja. "Wakae wakiangalia picha zako za mpira?"

"Nyumba itakuwa tayari."

"Iko na jina?"

Mwalimu akafunika kikombe.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, Mama alikuja na fundi wa kujenga, mtu mrefu mwenye timazi mfukoni. Mwalimu hakuwepo. Alikuwa ameitwa Malaba tena. Yule injinia alikuwa amefunga kitu kingine. Niliwasikia wakiingia, nikazunguka kuwasalimu.

Fundi alikuwa amechoka kungojea. "Mama, mimi nitachimba leo ukitaka. Lakini siwezi chimba msingi ya jiko inatembea. Nitafute kazi ingine tu."

"Ngoja," Mama akasema. Akaketi kwenye kiti cha mumewe. Kompyuta ilikuwa inawaka, na kwenye kioo kulikuwa na nyumba yake.

"Jirani, hii ndiyo yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na jiko?"

Nikainama nikatazama. Ilinibidi niseme ukweli. "Liko mbele, Mama. Karibu na barabara."

Fundi akaguna. Mama akaiangalia nyumba kwa muda, kama mtu anayeagana. Kisha akaniuliza kwa upole, "Stima ikipotea saa hii, ataifufua?"

"Ataifufua."

"Na mtu akiifunga vizuri? Ikauliza, akasema hapana?"

Mimi ni mtu wa kueleza. Ukiniuliza saa nitakueleza jua. Nikamweleza juu ya nakala ya siri, na folda iliyofichwa, na utii wa mashine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo yote najua, mwanangu," akasema. "Nimeisikia kwa hii meza kama sala. Nilitaka tu kusikia kwa mtu haboreshi."

Akafuta mikono yake kwenye leso, mikono yenye harufu ya omena, akashika kipanya. Akakipeleka polepole mpaka kwenye alama ya kufunga. Mashine ikauliza. Akaisoma yote, midomo ikitembea. Akabonyeza hapana.

Kioo kikabaki kitupu, cha kijivu.

Fundi akavua kofia. "Mama! Umeua nyumba."

"Nyumba gani? Hiyo ilizaliwa lini?" Akainuka, akahamia kwenye benchi la wateja. "Kaa hapa. Tunamngoja."

Mwalimu alirudi na vumbi la barabara, mwenye furaha, kwa maana alikuwa amefaulu. Akatusalimu, akaketi, akaweka miguu juu ya kisanduku. Akakiona kioo. Hakushtuka, ndiyo desturi yake. Akaenda kwenye folda iliyofichwa kama mtu anayeenda kuchukua mwavuli nyuma ya mlango. Nikamwona akitafuta. Akatafuta juu, akatafuta chini, akapanga faili kwa tarehe, akazipanga kwa ukubwa. Alama ya dola haikuonekana popote. Miguu ikashuka kutoka kwenye kisanduku.

Akageuka, akaniangalia mimi, akamwangalia fundi, na swali likamtoka lenyewe kwa mazoea.

"Ilizimika yenyewe, au..."

Macho yake yakawa yamefika kwa Mama. Hakuweza kulirudisha.

"Au uliifunga?"

"Niliifunga, Mwalimu," Mama akasema. "Ikauliza. Nikasema hapana."

Akavua kofia yake taratibu. Hakuna aliyempa pole. Alikaa hivyo, kofia kifuani, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu nikaona kuwa chai ipo na haimimini.

"Basi," akasema hatimaye, "nitaichora upya. Nikipata nafasi..."

"Unayo. Fundi amekaa, mimi nimekaa. Lakini leo unaanza na jina."

"Mama, mtoto hapewi jina akiwa..."

"Mtoto gani? Huyo amekaa tumboni mpaka dada yake anaolewa. Hata akizaliwa leo atatoka na ndevu!"

Fundi akacheka mpaka timazi ikamdondoka. Mwalimu naye alitaka kukasirika, ikamshinda. "Haya. Basi tutaje. Mama yangu mzazi alikuwa..."

"Jina langu," Mama akasema.

"Wewe uko hai."

"Ndiyo maana nataka nyumba. Waliokufa wako na zao."

Mwalimu akalitazama lile dirisha dogo kwenye kioo, linaloulizia jina, ambalo alikuwa amelikimbia maisha yake yote ya kompyuta. Akaandika. Jina hilo nalijua kwa sababu ndimi niliyelichapisha kwenye pembe ya karatasi, na ndiyo siku niliyotambua kuwa sijawahi kumwita Mama kwa jina lake, wala sijawahi kumsikia mtu akimwita. Sitaliandika hapa. Ni la mwenye nyumba.

Kisha akachora. Nyumba aliyoijua kwa moyo haikumpa shida. Alikuwa ameichora mara nyingi kuliko alivyoiota. Kila alipomaliza ukuta mmoja, Mama aligonga benchi kwa kifundo cha kidole: "Hifadhi." Na Mwalimu, aliyewagongea meza vijana wengi, akahifadhi. Alipofika jikoni mkono wake ukasita. Jiko likaenda nyuma, mlango wake ukafunguka nje.

Paa lilikuwa halijawekwa stima ilipopotea. Mtaa mzima ukasema "Aaah!" Kinyozi akatoka. Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea thamosi, akaurudisha. Tulingoja wote gizani mwa chumba kile, mchana. Stima iliporudi, hakwenda kwenye folda iliyofichwa. Alitafuta jina, akalibonyeza, na nyumba ikatokea yote, kuta zote, jiko nyuma.

"Imeitika," akasema, kama mtu aliyesikia jiwe likijibu salamu.

"Si umeiita?" Mama akasema.

Plani niliichapisha jioni ile ile, na kesho yake fundi alikuwa Mundika na jembe.

Ningependa kusema kwamba Mwalimu aliongoka. Wiki iliyofuata niliingia kuazima gundi kwake, nikaona kwenye kioo nyumba ya mteja mwingine, na juu yake imeandikwa Drawing1.

"Mwalimu!" nikasema.

"Ile ilikuwa ya Mama," akanijibu, miguu juu ya kisanduku. "Hii bado haijazaliwa."

Mara ya mwisho kukaa naye kwa kituo ilikuwa Mundika, siku ya mahari. Rangi ya ukuta ilikuwa haijakauka vizuri, na wazee wa Kisamia waliketi wima ili makoti yasiguse. Mkwe alikaa katikati yao ametazama magoti yake. Vyakula vilikuja na kuja, vikiletwa na shangazi, na Mama hakuonekana hata kivuli. Lakini tulimsikia. Mlango wa jikoni ulifunguka nje na kufungwa, ukafunguka na kufungwa, na kila mara kicheko chake kilizunguka nyumba kwa nje kikiwa huru kabisa. Mzee mmoja wa wageni alimnong'oneza mwenzake kuwa hii nyumba imejengwa na mtu anayejua desturi. Mwalimu alisikia, akajinyoosha.

Wageni walipoanza kupasha koo kwa hotuba, alinivuta mkono mpaka ukumbini. Akaweka kiganja juu ya ukuta kati ya sebule na jiko. Alikuwa amezeeka kidogo, au ni suti. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinagonga plasta polepole, kama kiko juu ya kipanya.

"Jirani," akaninong'oneza, "unauona huu? Ungerudi nyuma kidogo tu, sebule ingepumua. Nafikiri, kwa nini tusi..."

Kutoka upande wa pili, kutoka kwa mtu ambaye siku hiyo hakupaswa kuonekana, sauti ikapenya matofali kama yalikuwa plaiwudi.

"Mwalimu! Wachana na huo ukuta. Huo tulisevu na simiti."